Asubuhi moja ya kuvulisha wageni ndani ya kriki ya Kilifi: nipange vipi?

Faiba22

Hamjambo humu. Nina boti ya faiba, futi 22, injini ya farasi 40, hapa Kilifi. Kazi yake imekuwa kuvusha watu na kuvua samaki aina ya changu kwa mshipi. Sasa nimepata wageni watatu, mume na mke na kijana wao wa miaka 12, wanataka asubuhi moja katikati ya Januari. Hawataki kwenda nje kutafuta nduwaro. Wanataka ndani ya kriki na hapo mdomoni, wavue kwa rodi, wawe wamerudi kabla jua halijaanza kuchoma. Siku waliyochagua ni Jumamosi, mwezi 14 kwa hesabu ya mwezi mwandamo.

Naomba wenye kuijua kazi hii wanisaidie: tutoke saa ngapi, tuanzie wapi, rodi na uzi wa nguvu gani, chambo hai au bandia, na ni kitu gani hasa huharibu asubuhi ya namna hii. Kuvua najua. Kumvulisha mtu mwingine ndiko sikujui.

MwanaTakaungu

Faiba, kabla hujagusa rodi tazama mwezi. Mwezi 14 umeingia bamvua, yale maji makubwa. Pwani yetu bamvua hujaa kama saa kumi alfajiri na kukauka kama saa nne asubuhi, na kutoka maji kujaa hadi kukauka hupita mita 3. Kwa hiyo kukipambazuka saa kumi na mbili, maji yana saa mbili tangu yaanze kupwa na yanakimbia kwa nguvu zote. Ikifika saa tatu, kwenye mikoko umebaki na tope na mizizi. Mtu wa mshipi hulivumilia hilo, anaongeza chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana. Mgeni anayeshika rodi kwa mara ya kwanza, chambo chake kitampita samaki kama matatu ya Malindi isiyo na abiria wa kushuka.

Maji mafu, kwenye mwezi 7 na 8 au 21 na 22, ni kinyume chake: yanakauka alfajiri na kujaa kama saa nne. Bahari ni pole, boti haihangaiki, lakini mwendo wa maji ni mdogo na samaki wa kriki hula kwa uvivu. Ukiwa na mtoto anayeogopa maji, chagua hizo. Ukitaka samaki, usichague.

Siku nzuri ni zile zinazofuata bamvua: mwezi 2 na 3, na mwezi 17 na 18. Hapo maji hujaa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, unatoka kriki ikiwa imejaa, na asubuhi yako yote ni maji yanayopwa kwa mwendo unaoshikika. Kwa wageni wako hiyo ni Jumanne au Jumatano. Waombe wahame. Jedwali la maji la Kilindini linatosha kukupa saa. Kumbuka tu kwamba ndani kabisa, kuelekea Bahari ya Wali, maji huchelewa kugeuka kuliko mdomoni.

Kwa nini maji yanayopwa? Mikizi, chaa na kamba huingia mikokoni na maji yanayojaa. Yakiwa yamejaa kabisa wamo katikati ya mizizi, na wakubwa wanaowafuata wamo humohumo. Hapo huwezi kuwatupia chochote bila kuacha ndoana kwenye mti. Maji yakianza kushuka wote hulazimika kutoka kupitia vijito vidogo. Kolekole, mzia na chewa hungoja pale kijito kinapomwaga, kwenye ule mstari ambapo maji ya tope yanagusana na maji meupe. Mstari huo unaonekana kwa macho. Mwonyeshe mgeni, mwambie atupie upande wa tope na aache chambo kisogezwe na mkondo hadi kwenye weupe.

Kosa la manahodha wengi ni kuisukuma boti mpaka mdomoni mwa kijito. Zima injini mita 100 kabla, sogea kwa pondo, funga mita 15 hadi 20 kutoka mdomoni mwa kijito, pembeni mwa mkondo, si ndani yake. Ukifika na injini inanguruma utangoja nusu saa ndipo samaki warudi, na nusu saa ni kubwa kwa watu waliolipa asubuhi moja.

Mpango wa siku kama hiyo ungekuwa hivi. Saa kumi na moja na nusu mmeshapakia, mnatoka. Saa kumi na mbili kasorobo mko karibu na miamba ya mdomo wa kriki, upande wa ndani, na kunaanza kupambazuka. Hapo ni popa, chambo bandia cha juu ya maji, kwa kolekole. Kipindi hicho hakizidi dakika 40. Jua likishalala juu ya maji kolekole wanazama, na kuendelea kutupa popa ni kumchosha mgeni mkono bure. Saa moja mnaingia ndani. Saa moja na nusu hadi saa tatu ni vijito, chambo hai chini ya chelezo. Saa tatu toka huko ndani, kwa sababu mafungu ya mchanga yanaanza kuinuka na utalazimika kusukuma boti kwa miguu mbele ya watu. Malizia kwenye ukingo wa mkondo mkuu, pima 4 hadi 8, changu kwa mshipi wa mkono au rodi fupi. Saa nne na nusu mko gatini. Kaskazi mara nyingi huwa imeshaanza kuamka wakati huo.

Usiwatoe nje ya mdomo maji yakiwa nusu ya kupwa. Maji yanayotoka kriki yakikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi husimama, yanakuwa mafupi na makali, na boti ya futi 22 yenye watu watano hupigwa vibaya. Ukilazimika kutoka, toka maji yakiwa yamesimama.

ChubwiNzito

Naongeza vifaa, maana mwenzangu ameanzia na maji na amefanya vyema.

Rodi tatu, futi 7, za kutupia, na moja ya akiba. Rili za namba 4000 kwa kriki, 6000 kwa ile ya popa. Uzi wa kusuka ratli 20 hadi 30, mita 200 kwa kila rili. Mbele yake funga nailoni ya ratli 40 hadi 50, mita moja na nusu. Uzi wa kusuka ukigusa jiwe au chaza wa mikoko unakatika papo hapo, nailoni nene huvumilia kidogo. Kwa mzia ongeza waya mwembamba, sentimita 20 zinatosha. Waya mrefu huwafukuza kolekole, kwa hiyo uweke tu pale ambapo nailoni imeshakatwa mara moja kwa meno.

Kuunga uzi wa kusuka na nailoni ndipo watu hupoteza samaki wengi. Uzi wa kusuka unateleza. Zungusha mara 8 upande wa uzi, mara 4 upande wa nailoni, lowesha kwa mate, vuta polepole pande zote mbili, kisha vuta kwa nguvu ukiwa umejifunga kitambaa mkononi. Likiachia, heri liachie gatini. Fundo liwe dogo, lipite kwenye pete za rodi bila kugonga. Likigonga, mgeni atasikia kila akitupa na siku moja uzi utajikunja hapo na popa itaruka peke yake.

Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza, usipime kwa mkono. Robo ya nguvu ya uzi: kwa ratli 30 ni kama kilo 3 na nusu. Mgeni akishikwa na kolekole ataikaza breki. Wote hufanya hivyo. Mwambie mapema kwamba mkono wake hauna ruhusa kwenye breki, na wewe usogee karibu yake mara tu rili inapoanza kulia.

Popa moja nyeupe na moja ya rangi ya mkizi, sentimita 10 hadi 12. Ndoana za pembe tatu zinazokuja nazo zing'oe, weka ndoana moja moja, na lile jino la ndoana libane kwa koleo hadi lilale. Unapoteza samaki mmoja mmoja, lakini ikimwingia mtu mkononi inatoka. Na jueni kwamba mtumbuu atazifuata hizo popa kutwa, anagonga na hashikwi, mdomo wake ni mwembamba na mgumu. Mgeni atadhani anakosea yeye. Mwambie ni mtumbuu, mhame.

Kwa changu: nailoni ya milimita 0.7, chubwi gramu 60 hadi 100 chini kabisa, ndoana mbili juu yake kwenye vitawi vya sentimita 20, kipande cha ngisi urefu wa kidole, chembamba, kikatwe kiweze kucheza. Ukihitaji zaidi ya gramu 200 ili chubwi ikae chini, mkondo umekuwa mkali, hama. Kuongeza uzito hakusaidii, changu hawali kwenye maji yanayokimbia hivyo.

Watupaji wawili tu kwa wakati mmoja. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wa tatu anakaa katikati na mshipi wa mkono. Kila mtu atazame nyuma yake kabla ya kutupa, kila mara, hata baada ya mara ya hamsini.

Mama_Mikoko

Nyinyi mmeruka chambo, na asubuhi hii inaanguka au kusimama kwa chambo.

Chambo hai kipatikane kabla wageni hawajafika. Usiwafanye wakungoje ukirusha kimia, ingawa wengine watasema wanapenda kutazama. Mikizi wa sentimita 10 hadi 12 ndio bora, chaa ni wa pili. Samaki aina ya simu hufa upesi mno. Mikizi huwapata kando ya mchanga jioni iliyotangulia au alfajiri hiyohiyo, maji yakiwa magotini. Kimia kisiwe cha nailoni ya uzi mmoja, hiyo imekatazwa na itakuletea maneno na watu wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo.

Pipa la lita 60 lisizidi mikizi 20. Ukiweka 40 watakufa wote 40, si 20. Kinachowaua ni pumzi kuisha, joto, na mafuta ya mikono. Badilisha nusu ya maji kila dakika 10 kama huna pampu ya hewa; ukiwa na pampu ndogo ya betri, kila nusu saa. Funika kwa gunia lililoloweshwa. Usichote maji mapya nyuma ya boti karibu na injini, chota mbele. Aliyegusa mtungi wa petroli au aliyejipaka mafuta ya jua asitie mkono humo. Hapa ndipo wageni huharibu bila kujua: wanajipaka mafuta mwili mzima kisha wanataka kumkamata mkizi wenyewe. Wapake gatini, wanawe mikono kwa sabuni, na samaki umtoe wewe kwa kijavu kidogo.

Ndoana ya duara, namba 3/0 kwa mkizi wa ukubwa huo. Ipite mdomo wa juu kama chambo kinaburutwa na mkondo, au mgongoni nyuma kidogo ya pezi kama kimesimama chini ya chelezo. Usipite kwenye uti, atakufa. Chelezo kiwe mita moja hadi moja na nusu juu ya ndoana. Mkizi akianza kuhangaika na kuruka juu, kuna mtu chini yake. Nyamazeni.

Kisha sheria moja ya ndoana ya duara, uirudie mpaka wachoke kuisikia: samaki akila, usivute ghafla. Acha uzi ukaze, zungusha rili, inua rodi taratibu. Ndoana hiyo hujipachika yenyewe pembeni mwa mdomo. Anayetoka kwenye kuvua kwa mshipi, kama kijana wako wa kusaidia boti, ndiye atakayekosea zaidi, mkono wake umezoea kushtua.

Ukikosa mikizi beba ngisi wabichi kilo moja na kamba nusu kilo kwenye barafu. Asubuhi haitakuwa mbaya.

KasiYaMaji

Kwa heshima zote, Mama, chambo hai kwa wageni ni kazi nyingi kuliko faida. Pipa, maji, pampu, na kijana mmoja kutwa anashughulikia mikizi badala ya kutazama watu. Jigi, chambo bandia cha chuma, ya gramu 30, nyeupe au rangi ya fedha, inawapata kolekole walewale kwenye vijito. Atupe, aiache ishuke hadi chini, azungushe mara tatu, aiache tena. Hata mtoto anafunzwa kwa dakika tano. Na wageni wa rodi wengi wanapenda kumhadaa samaki kwa chuma kuliko kukaa wakikodolea chelezo.

Mama_Mikoko

Maji yakiwa meupe, sawa. Januari kukiwa hakuna mvua kriki ni nyeupe na jigi inafanya kazi. Ila chewa wa pembeni ya mizizi hatoki kufuata chuma, na jigi ikishuka hadi chini kwenye vijito inashika mzizi mmoja katika kila mitupo mitano. Hesabu utabeba jigi ngapi. Beba vyote viwili, aanze na jigi, akichoka mpe chelezo.

Faiba22

Nawashukuru sana. Nimeongea nao: Jumanne wanasafiri, wanaweza kusogea hadi Jumatatu tu, mwezi 16. Je, niikatae kazi? Na maswali mawili: nanga yangu ni ya chuma pembe nne, hapo ukingoni mwa mkondo hunasa kila mara. Pili, yule kijana wa miaka 12, nimpe rodi gani?

MwanaTakaungu

Usiikatae. Mwezi 16 maji yatajaa kama saa kumi na moja na dakika chache, yakauke saa tano na kidogo. Anzeni mapema zaidi. Saa kumi na moja kamili mmeshaondoka gatini, gizani, taa zimewashwa. Anza na vijito, usianze na popa, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu vijito vinaanza kumwaga, na saa mbili kwenye vijito vya juu kazi imekwisha. Popa waipate dakika 20 tu mkiwa njiani kuingia, kunapopambazuka. Vijito hadi saa mbili. Kisha rudini kwenye mkondo mkuu, kwenye kingo zenye kina, maana saa mbili hadi saa tatu na nusu ndipo mkondo una nguvu zaidi. Hapo msifunge nanga, achieni boti iteremke na mkondo, injini ikiwa tayari, na watupe jigi kuelekea ukingoni. Mwisho kabisa, saa nne, mkondo ukilegea, fungeni kwa changu. Ni mpango uleule uliogeuzwa mpangilio. Kwenye maji makali namna hii Kasi yuko sahihi, chuma kitafanya kazi zaidi kuliko mkizi. Wapunguze mikizi wawe 10.

Nanga. Usiifunge kamba kwenye pete ya juu. Funga mnyororo wa mita 2 chini, pale pembe nne zinapokutana, uulaze kando ya shina la nanga, kisha uubane kwenye pete ya juu kwa nailoni nyembamba tu, mizunguko miwili. Siku zote nanga itavutwa kutoka juu kama kawaida. Ikinasa, funga kamba kwenye kigingi cha boti, sogea mbele kidogo na injini, ile nailoni itakatika na nanga itavutwa kutoka matakoni na kutoka. Usivute kwa mkono, na asiwepo mtu upande wa kamba. Kamba yenyewe iwe mara tatu ya kina angalau, mara tano mkondo ukiwa mkali. Na tafuta mchanga. Ukiona matumbawe chini usitupe nanga hapo, nanga moja huvunja kitu kilichochukua miaka kukua, na pia hiyo ndiyo sababu inanasa.

ChubwiNzito

Kijana wa miaka 12: rodi futi 6, rili ya 2500, uzi wa ratli 15, jigi gramu 15 au mshipi wa changu. Usimpe popa, rodi yake ni nzito na baada ya dakika kumi atakuwa anatupa kuelekea vichwani. Mshipi wa mkono kwa mtoto avae glavu au umfunge kitambaa kwenye vidole viwili, na asijizungushie mshipi mkononi hata mara moja. Samaki wa kilo 4 akikimbia na nailoni imezunguka kidole, kidole kinakatika nyama.

Jaketi lake liwe la mtoto. La mtu mzima linampanda juu ya kichwa akianguka majini. Ukaguzi wa boti wa mamlaka ya usafiri wa baharini hutazama hilo, na leseni ya kuvua kwa burudani nayo uwe nayo ndani ya boti, si nyumbani.

DaktariWaGati

Sivui sana ila hushughulika na waliochomwa, kwa hiyo machache ya hatari.

Taa akimchoma mtu, au samaki yeyote mwenye mwiba wa sumu: osha, kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji moto ya kiasi cha nyuzi 45, muda wa dakika 30 hadi 90, hadi maumivu yatulie. Yasiwe ya kuunguza. Aliyechomwa hapimi joto vizuri, kwa hiyo mwingine atie mkono kwanza. Kwa hiyo beba chupa mbili za maji moto. Chai mtakunywa, lakini chupa moja iwe ya maji matupu. Mwiba uliokatikia ndani usichokonolewe, na aliyechomwa kifuani au tumboni apelekwe hospitali mara moja bila kungoja maji moto. Anayeshuka kusukuma boti mchangani aburute miguu, asiinue na kukanyaga. Taa huhisi na kuondoka.

Ndoana ikiingia kidoleni: pitisha kipande cha uzi mnene kwenye pindo la ndoana, bonyeza shina la ndoana chini kuelekea ngozini, kisha vuta uzi kwa mara moja, sambamba na ngozi, kuelekea nyuma ilikoingilia. Kama ndoana ina jino lililobanwa haihitaji hata hayo. Karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo, usiguse. Kata nailoni, funika, nenda hospitali. Uliza sindano ya pepopunda.

Bunju akishikwa, yule kijana wa wageni atataka kumwona akijaza tumbo. Kata uzi au umwachilie kwa koleo, meno yake hukata ncha ya kidole, na nyama yake haiendi jikoni kamwe. Mzia hata akiwa amelala chini ya boti bado anauma. Kasa akinasa, msogeze kando ya boti, ukate nailoni karibu na ndoana kadiri unavyofika, usimpandishe.

Kichefuchefu: dawa ya safari inywewe usiku uliotangulia na tena asubuhi kama maelezo yake yanavyosema, ikinywewa wakati mtu ameshaanza kutapika haifanyi kitu. Na mahamri na mbaazi za nazi wale wakirudi. Asubuhi chai ya tangawizi na mkate mkavu.

Mama_Mikoko

Samaki wanaowataka kula, barafu kilo 15 kwenye kasha la lita 60, chumvi na maji ya bahari kidogo mpaka iwe uji wa barafu. Samaki alalie ndani ya uji huo, asilalie juu ya mabonge makavu, upande mmoja utaganda na mwingine utaoza. Kolekole na jamii ya vibua na nguru: kata matamvua, damu itoke, atiwe barafuni ndani ya dakika chache. Hao wakikaa juani hutengeneza sumu isiyoondoka hata ukimkaanga vipi, na mgeni atapata vipele na kichwa kuuma akidhani ni jua. Chewa wadogo na kolekole wanaozidi mahitaji ya jioni waachilieni, kwa mikono iliyolowa, bila kuwashika matamvuani.

Na Faiba, kama wageni watakwambia wanataka kusogea Watamu, Malindi au Kuruwitu kwa sababu wameona picha nzuri, waeleze kwamba ndani ya mbuga za baharini za Watamu na Malindi, ambazo zipo tangu 1968, ndoana haishuki, na Kuruwitu jamii yenyewe imeitenga sehemu yake wavuvi wasiingie. Kriki yetu haimo kwenye hifadhi hizo, lakini kuna wenye nyavu na madema yao kwenye vijito. Mpigie simu mwenyekiti wa BMU Jumapili jioni, ujue nyavu zimetandazwa kijito kipi. Ukifika saa kumi na mbili na wavu wa mwenzio umeziba mdomo wa kijito, zunguka uende kijito kinachofuata, usiukate na usiupite juu na injini.

Faiba22

Nimeelewa. Jumatatu, saa kumi na moja kamili, vijito kwanza. Bado moja: bei niiweke kwa saa?

KasiYaMaji

Weka bei ya asubuhi nzima, ya boti na si ya kichwa, chambo na barafu ndani yake, petroli ndani yake. Ukitoza kwa saa watakwambia saa tatu kwamba wamechoka, na saa nne ndipo changu wanaanza kula.